Nyumba ya fremu ya mbao Njombe: fundi anasema mwezi mmoja, mzee anasema mchwa

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa sekondari. Nina kiwanja Njombe mjini, kipo kwenye mteremko, na nina shamba la misindano kijijini, miti ina miaka 14. Nimepiga hesabu ya tofali za kuchoma, saruji na nondo, nikaona nitastaafu kabla ya kuezeka. Nataka kujenga nyumba ya fremu ya mbao, vyumba vitatu vya kulala, kwa miti yangu mwenyewe. Fundi niliyempata anasema tuchimbie nguzo futi tatu, tupige mbao, tuezeke, mwezi mmoja tumemaliza. Baba yangu anasema mbao ni kibanda cha kambi, mchwa watailamba kabla sijahamia. Nani mkweli, na nianzie wapi?

Marahaba, mwalimu. Mzee ana haki ya kuogopa, ila nyumba anayoiogopa ni ile aliyoichora fundi wako kichwani. Nguzo ya msindano iliyochimbiwa kwenye udongo wa Njombe haifiki mbali. Kama unataka ushahidi, tafuta uzio wowote wa zamani wa mirunda isiyotiwa dawa, chukua bisibisi, uchome nguzo mahali pawili. Juu, usawa wa kiuno, bisibisi itagoma. Pale nguzo inapoingia ardhini itazama kama kwenye sabuni. Ukifukua zaidi, chini kabisa unaweza kukuta mbao ngumu tena. Kuvu wanaoozesha mbao wanataka maji na hewa kwa wakati mmoja. Juu kuna hewa lakini maji hayatoshi, chini sana kuna maji lakini hewa ni haba, na pale katikati, sentimita 30 hivi za kwanza za udongo, vyote viwili vipo mwaka mzima.

Mbao ikibaki na maji chini ya asilimia 20 ya uzito wake mkavu, kuvu hao hawaoti. Karibu kila kitu nitakachokuambia hapa chini kinatokana na namba hiyo.

Mwambie mzee kwamba kule Norwei kuna kanisa la Urnes, la mbao tupu, limesimama tangu karne ya 12. Makanisa ya mbao yaliyotangulia katika nchi ile yalichimbiwa nguzo ardhini kama anavyotaka fundi wako, yakaoza. Waliofuata waliinua jengo juu ya mawe, nguzo zikakalia mbao ya mlalo badala ya udongo, na paa likatupa maji mbali na kuta. Mti wenyewe ni wa jamii ya msindano, ingawa wao walichagua miti iliyokomaa sana. Hata pwani kwetu, boriti za mikoko zimebeba dari za nyumba za mawe za Lamu na Unguja vizazi na vizazi maadamu paa halivuji. Likianza kuvuja, boriti huozea kichwani, pale inapoingia ukutani na haipati upepo.

Mchwa nao si muujiza. Wanaotusumbua huku nyanda za juu wanatoka ardhini, na hawawezi kusafiri peupe. Hujenga njia ya udongo ili wasikauke. Kuwazuia kabisa ni vigumu, lakini unaweza kuwalazimisha wajitokeze. Nyumba ikiwa juu ya vinguzo vya zege vya sentimita 50 hadi 60, na juu ya kila kinguzo umeweka kofia ya bati iliyotokeza sentimita 5 na kukunjwa kuelekea chini, mchwa atalazimika kupitisha njia yake nje ya ile kofia. Unapita na tochi kila baada ya mwezi mmoja au miwili, ukiona njia unaivunja na kutafuta chanzo chake. Ndiyo maana sikubaliani na wanaoziba nafasi ya chini kwa tofali ili nyumba "ipendeze". Ukiiziba umewapa wale wadudu giza na faragha. (Ungekuwa unajenga Tanga au Dar es Salaam ningekuambia mengine, kwa kuwa pwani kuna mchwa wanaoishi ndani ya mbao kavu bila kuhitaji ardhi.)

Sasa nikujibu nianzie wapi. Usianzie kwenye ramani, anzia shambani.

Msindano katika miaka yake 10 hadi 15 ya kwanza hutengeneza mbao changa: pete pana, nyepesi, inayojinyonga na kupinda ikikauka. Maana yake mti wako wa miaka 14 ni mchanga karibu wote, kuanzia kiini hadi gome. Shamba la serikali la Sao Hill kule Mufindi huiacha miti ikomae zaidi ya hapo. Sisi wakulima wadogo tunavuna ada za shule zikifika. Sikuambii miti yako haifai. Ninachokushauri ni kuuza sehemu yake, na fedha hiyo ununulie mbao zilizokomaa kwa ajili ya mihimili, boriti za sakafu na kenchi. Hizo ndizo zinazobeba mzigo zikiwa za mlalo, na mzigo hutaka kuzipinda. Nguzo za ukuta, ambazo hubebeshwa mzigo wima, utazipata kwenye magogo ya chini ya miti yako, hasa kama ulipogolea matawi mapema, kwa kuwa gogo la kwanza lina vifundo vichache. Magogo ya juu yatatoa mbao za kufunikia ukuta na vipande vidogovidogo. Mbao yoyote yenye kiini cha mti ndani yake, ile duara ndogo ya kahawia unayoiona ukitazama kichwa cha mbao, iweke pembeni isiwe nguzo. Hiyo ndiyo hupinda kuliko zote.

Kupasua mtatumia zile mashine ndogo za kuhamishika, dingdong. Zinafanya kazi nzuri zikisimamiwa, lakini utapata mbao ya mbili kwa nne ambayo huku ni inchi moja na robo tatu, kule ni mbili na robo. Kwenye kenchi ya nyumba ya tofali dosari hiyo humezwa na dari. Kwenye fremu haijifichi: ukuta wote utakuwa na mawimbi, na jipsamu bodi itapasuka kwenye maungio. Mlipe mpasuaji aache nyongeza ya robo inchi kwenye ule upana wa inchi nne, kisha mbao zikishakauka zipitishe kwenye mashine ya randa zilingane zote. Gharama hiyo ni ndogo kuliko unavyodhani na inaokoa siku nyingi za fundi. Magogo yasikae chini kusubiri mashine, maana msindano hupata rangi ya bluu upesi. Ile bluu siyo kuoza na haiondoi nguvu ya maana, lakini wanunuzi na wazee wataisema.

Halafu ndiyo kukausha. Hapa ndipo nyumba inapopatikana au kupotea.

Inua rundo sentimita 40 kutoka ardhini, juu ya tofali au magogo mafupi yaliyosawazishwa kwa pima maji. Panga safu ya kwanza ya mbao ukiacha nafasi ya kidole kati ya moja na nyingine. Juu yake kingamisha vijiti vikavu vya inchi moja kwa moja, kila baada ya futi mbili. Weka safu nyingine, vijiti vingine, hivyo hivyo hadi juu. Vijiti vya safu zote vikae mstari mmoja wima, kimoja juu ya mwenzake; kikihama hata inchi nne, mbao za juu zinakalia hewa na zitakauka zikiwa zimepinda, na mbao iliyokauka imepinda haitanyooka tena. Ubavu wa rundo ukabili upepo ili upite katikati ya safu. Paka vichwa vya mbao rangi yoyote iliyobaki nyumbani ili visikauke haraka kuliko sehemu nyingine vikapasuka. Funika juu kwa mabati chakavu, weka mawe mazito, usifunike pembeni.

Utajuaje zimekauka? Mafundi hugonga na kusikiliza. Wewe ni mwalimu, na maabara ya shule yenu ina mzani bora kuliko wa fundi yeyote. Chagua mbao tatu kutoka sehemu tofauti za rundo. Kata kipande cha sentimita tatu kutoka kila moja, nusu mita ndani kutoka kichwani, kwa sababu kichwa hukauka mapema na kitakudanganya. Pima uzito papo hapo, uandike. Weka vipande kwenye oveni ya nyuzi 103 hadi uzito ukome kushuka, kwa kawaida siku nzima. Tuseme kipande kilikuwa gramu 155 na kimeishia 125. Maji yalikuwa gramu 30, ambayo ukigawa kwa 125 unapata asilimia 24. Bado. Rudi baada ya wiki mbili au tatu. Nataka uone 18 au chini ya hapo kabla hujagongea msumari wowote.

Watu hudhani kukausha ni kwa ajili ya kuoza tu. Mbao pia husinyaa. Kwa urefu hausikii kitu, lakini kwa upana, mbao ya inchi moja kwa nane ikitoka mbichi hadi kavu inaweza kupoteza milimita 6 hadi 8. Zidisha kwa mbao zote za ukuta mmoja. Nimeona Mafinga nyumba iliyofunikwa kwa mbao mbichi mwezi wa tatu. Ilipofika Oktoba ukipita barabarani usiku unahesabu taa za ndani kupitia nyufa, na wenyewe wamezibandika magazeti.

Mvua yenu ni moja, Novemba hadi Aprili na mabaki yake Mei. Kwa hiyo kata mwezi Mei, pasua wiki hiyo hiyo, panga rundo. Juni hadi Agosti upepo wa kipupwe unafanya kazi bure. Wakati huo wewe unachimba na kumwaga vinguzo. Septemba simamisha fremu, Oktoba ezeka. Fundi wako hakudanganya kwamba mwezi unatosha kusimamisha nyumba. Fremu husimama upesi kweli. Alichokuficha, au asichokijua, ni miezi mitatu ya kabla.

Kuhusu ramani: usichore vyumba kwa mita zinazokupendeza halafu ukailazimisha mbao itii. Mbao zetu sokoni ni futi 12. Plaiwudi na jipsamu bodi ni futi 4 kwa 8. Nguzo za ukuta, mbili kwa nne, nataka uzipange kila inchi 16, ukipima kutoka katikati ya moja hadi katikati ya nyingine. Inchi 16 mara tatu ni futi 4, kwa hiyo kila ukingo wa bodi utaangukia katikati ya nguzo, na hutakata bodi ovyo. Nyumba ya futi 24 kwa 36, yaani mita za mraba 80 hivi, inajigawa vizuri kwa vipimo hivyo vyote. Upana wa futi 24 ni boriti mbili za futi 12 zinazokutana chini ya ukuta wa katikati. Urefu wa 36 ni mbao tatu bila kipande. Ukuta wa futi 8 unatoka kwenye mbao ya futi 12 na kubakiza futi 4, na hizo futi 4 hutupi: zinatoa vipande vitatu vya inchi 14 vya kukingamisha kati ya nguzo, au miguu mifupi ya chini ya madirisha. Futi 8 kwa Dar es Salaam ni fupi, joto litakulalia kichwani. Kwa baridi ya Njombe ni kimo kizuri.

Vinguzo vya chini vipange kila futi 6 kwa pande zote mbili. Kwa nyumba hiyo ni mistari mitano ya vinguzo saba, jumla 35. Vinasikika vingi, lakini jumlisha zege lake ulinganishe na msingi mzima wa mawe, tena kwenye mteremko ambako nyumba ya tofali ingekudai ukate kilima upande mmoja na kujaza kifusi upande wa pili. Wewe vinguzo vya upande wa bondeni vinakuwa virefu tu. Vyote vichimbwe hadi udongo mgumu, na vile virefu vitiwe nondo. Ukimwaga zege, zamisha bolti ya milimita 12 juu ya kila kinguzo. Kisha inakuja ile kofia ya bati, ukiziba kwa lami pale bolti inapopenya, halafu mhimili wa mbao mbili za 2x6 zilizounganishwa, na juu yake boriti za sakafu za 2x6 kila inchi 16.

Zisimamishe boriti kwa ubavu wake mwembamba. Najua unajua, lakini nimeshakuta vibarua wamezilaza ili "zikae vizuri". Mbao ya 2x6 iliyosimama ni ngumu kupinda mara tisa kuliko ileile ikiwa imelala. Kuchagua zilizo imara hakuhitaji mashine: weka tofali mbili zilizoachana futi 11, laza mbao juu yake, mtu mmoja akae katikati, wewe pima imeshuka kiasi gani kutoka kwenye kamba iliyonyooshwa. Zifanyie hivyo zote. Zitakazoshuka sana kuliko wenzake zitoe, ukazitumie kwenye milango ya stoo.

Sasa sehemu ambayo mafundi wa tofali huikosea karibu wote, kwa kuwa ukuta wa tofali hauwalazimishi waifikirie. Pigilia mbao nne ziwe umbo la mstatili, kisha sukuma kona ya juu. Utalala upande, hata uongeze misumari. Ongeza mbao moja ya mshazari kutoka kona hadi kona, au pigilia bodi ya plaiwudi uso mzima, na hautasogea tena. Kila ukuta wa nje uwe na plaiwudi ya milimita 9 au 12 angalau kwenye miisho yake miwili, kuanzia mbao ya chini ya ukuta hadi mbao ya juu, misumari kila sentimita 15 pembeni na kila 30 katikati. Ukiwa na uwezo funika ukuta wote. Wizi nao unakuwa mgumu, kwa maana mwizi akivunja mbao ya nje anakutana na bodi.

Nyumba ya mbao pia ni nyepesi, na wepesi una pande mbili. Tetemeko likija, ni heri: lile la Kagera la Septemba 10, 2016, lenye ukubwa wa 5.9, liliangusha nyumba nyingi za tofali na udongo zisizo na nondo, wakati fremu iliyofungwa vizuri hujipinda na kurudi. Upepo ukija, wepesi unakuwa hasara. Makambako hapo jirani pana upepo hadi watu wamepanga mitambo ya umeme wa upepo. Kwa hiyo fuatilia kila kiungo kuanzia bati hadi zege: papi, yaani mbao nyembamba inayoshika bati, ifungwe kwenye kenchi, kenchi kwenye mbao ya juu ya ukuta kwa ukanda wa chuma na si kwa msumari wa kushindilia pembeni, mbao ya juu kwenye nguzo, nguzo kwenye mbao ya chini, nayo kwenye mhimili, mhimili kwenye bolti. Kiungo kimoja kikikosekana, vingine vyote ni mapambo. Kenchi ziweke kila futi 4, kila moja juu ya nguzo ya ukuta, zisikae kwenye nafasi tupu kati ya nguzo mbili.

Paa litokeze upenu wa sentimita 75 au zaidi kila upande. Watu hubana upenu kuokoa bati mbili, kisha wanalipa rangi ya ukuta kila mwaka. Mbao za kufunikia nje napendelea zisimame wima, maji yateremke na nyuzi zake. Kati yake na plaiwudi pigilia kwanza karatasi ya ujenzi inayopitisha mvuke, kisha fito za robo tatu inchi, ili maji yatakayopenya yateremke na hewa ipite. Fito zikiwa za mlalo, zikate mapengo, la sivyo zinakuwa mabwawa madogo. Kila mbao ya nje ipigiliwe katikati tu, na ule mwanya kati ya mbao mbili ufunikwe kwa kibanzi ambacho misumari yake inapita kwenye mwanya bila kugusa mbao yoyote. Hapo mbao inasinyaa na kutanuka kwa misimu bila kupasuka. Usitumie nailoni mahali pa ile karatasi. Mvuke wa watu wanaolala na kupika ndani utagota kwenye nailoni baridi na kugeuka maji ndani ya ukuta.

Atatokea mtu akushauri upigilie wavu wa kuku nje na kupiga lipu ya saruji, nyumba ifanane na ya tofali, mzee afurahi. Kataa. Lipu hupata nyufa, maji huingia, na hayana pa kutokea; mbao inaoza nyuma ya ukuta unaong'aa, na utajua siku kitasa cha mlango kitakapotoka na fremu yake.

Dawa iende pale panapoihitaji. Mihimili, boriti za sakafu, mbao za chini za kuta na nguzo za baraza ziwe zimetiwa dawa kwa mgandamizo kiwandani, ile ya shaba, kromiamu na aseniki wanayotumia kwenye nguzo za umeme. Sokoni kuna mbao nyingi zilizochovywa kwenye pipa la maji ya kijani na kuuzwa kama zimetibiwa. Usinunue bila kukatiwa moja katikati mbele yako: kijani kikiwa ni ganda jembamba kama karatasi, hiyo ni rangi. Mahali popote utakapokata mbao yenye dawa, paka dawa kwenye kidonda. Tumia misumari na bolti zilizopakwa zinki, shaba hula chuma kitupu. Mabaki yake yasiingie jikoni kamwe, aseniki inabaki kwenye moshi na majivu. Mbao za ndani zisizolowa zinatosheka na mchanganyiko wa boraksi na asidi ya boriki, ambao una madhara kidogo sana kwa watu lakini husafishwa na mvua, kwa hiyo usipake nje.

Bafu na choo sivijengi juu ya sakafu ya mbao. Tenga kona ya upande wa mlimani ambako sakafu iko karibu na ardhi, mwaga jamvi la zege, inua tofali hadi usawa wa madirisha, ndipo fremu iendelee juu. Mabomba yapite wazi, ukutani kwa nje. Bomba linalovuja ndani ya ukuta wa mbao huharibu miaka miwili kabla hujaona alama.

Baridi haitakusumbua kama unavyofikiri. Inchi moja ya msindano mkavu huzuia joto lisipotee karibu sawa na inchi tano za tofali, na ukuta wako una tabaka kadhaa zenye hewa katikati. Dari ndiyo usiisahau, joto hutorokea huko. Lakini nyumba hii itaziba vizuri kuliko uliyoizoea, na hapo kuna jambo linaloua: jiko la mkaa ndani kwa ajili ya kuota moto usiku. Hewa yake yenye sumu haina harufu. Ukitaka moto, jenga bomba la moshi la tofali lenye msingi wake, mbao zote zikae mbali nalo, na jiko la kuni liwe nje kwenye banda lake. Nyaya za umeme zipite ndani ya mabomba. Kuta za ndani na dari zifunikwe jipsamu bodi badala ya mbao tupu. Jipsamu ina maji yaliyofungika ndani yake, moto lazima uyachemshe kwanza, na dakika hizo ndizo za kutolea watoto.

Bei sikuandikii, kwa kuwa mbao ya Njombe si ya Dar, na ya Mei si ya Oktoba. Utaokoa kwenye msingi, kwenye usafiri na kwenye siku za vibarua. Utatumia zaidi kwenye plaiwudi, bolti, dawa na rangi. Nyumba ya mbao isikose rangi ya nje, na weka fungu lake tangu sasa. Anayekuambia ni nusu ya bei ya tofali amesahau kuhesabu nusu ya nyumba.

Kibali cha ujenzi omba halmashauri kabla ya kukata mti, ukiwa na michoro inayoonyesha vinguzo, viungo na plaiwudi, maana fremu ya mbao si kila afisa ameizoea, na mchoro uliokamilika unapunguza maswali. Mhandisi aupitie, hasa ule mteremko. Mbao za kutoka kijijini ziwe na hati ya usafirishaji, TP, hata kama miti ni yako.

Fundi usimfukuze. Kama anajua kupiga kenchi iliyonyooka atajifunza haya. Mlipe kwa hatua, na malipo ya hatua ya pili yasitoke hadi mihimili yote imekaa na umepima mwenyewe kona kwa kona. Kwa futi 24 kwa 36, mshazari ni futi 43 na inchi 3. Pima yote miwili. Ikitofautiana zaidi ya nusu inchi, alegeze bolti asogeze mihimili siku hiyo hiyo, kabla boriti hata moja haijapigiliwa.